Bendera Nyekundu Unyanyembe

Nikiwa darasa la sita nilinyimwa alama mbili kwa sababu ya Sayyid Barghash. Swali lilitaka tutaje sehemu za bara zilizokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mimi, mtoto wa Tabora, niliyekulia chini ya miembe ambayo kila mzee anakwambia ilitokana na Waarabu, nikaandika kwa mbwembwe: pwani yote, na Tabora, na Ujiji. Mwalimu akapiga mkasi mwekundu. Pwani tu, akasema, maili kumi kutoka baharini. Mengine ni porojo za vijiweni.

Mwaka uliofuata tukapata mwalimu mwingine, na swali likawa lile lile, ila maneno yamepinduliwa kidogo. Sikukubali kuliwa mara mbili. Nikaandika: pwani, maili kumi. Mkasi! Eti nimesahau Tabora na Ujiji, alikokuwa na maliwali wake. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni niliumia.

Nilikuja kugundua ukubwani, nikisoma soma vitabu vya kuazima, kwamba swali lile halikutungwa na walimu wangu. Walilitunga Berlin na London mwaka 1885, na mtu wa kwanza kupigwa mkasi alikuwa Barghash mwenyewe.

Nimelikumbuka tena majuzi kijiweni, penye kahawa, hapa hapa Tabora. Ubishi ulikuwa juu ya Zanzibar na mambo ya nje. Mzee mmoja, mtu wa gazeti kila asubuhi, alikuwa anawasimulia vijana kisa cha OIC: jinsi Zanzibar ilivyojiunga na jumuiya ile ya nchi za Kiislamu Desemba 1992, nchi ikawaka moto, Bunge likaona Katiba imevunjwa kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi ule ule Bungeni wabunge 55 walikuwa wanadai serikali ya Tanganyika. "Kisiwa kidogo vile," mzee akasema, "kinataka mambo ya nje kwa lipi?" Kijana mmoja akamjibu kwamba kisiwa hicho hicho, siku chache tu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kiliitambua Ujerumani Mashariki kabla ya nchi yoyote ya Afrika, na Bonn ilinuna mpaka ugomvi ukahamia kwa Mwalimu Nyerere baada ya Muungano. Majumba ya Kikwajuni na Kilimani ndiyo masalia ya urafiki ule. Mzee akanigeukia: "We unayeandika andika, sema basi."

Nikasema Zanzibar imekuwa na mambo ya nje tangu zamani, na kwa muda mrefu sisi wa Tabora tulikuwa ndani ya mambo hayo ya nje. Wakanitaka nieleze. Ndiyo haya.

Tuanze na kitambaa. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na Wamarekani. Yeye alikuwa mtawala wa Oman na Zanzibar, na moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye karafuu. Ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia tano, basi. Mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafika Zanzibar. Mwaka 1839 wakafuata Waingereza kwa mkataba wao, na 1844 Wafaransa. Mwaka 1840 Seyyid Said alipeleka jahazi lake, *Sultana*, mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Naaman akapokewa kwa heshima zote.

Ukisoma juu juu utaona ni mambo ya wakubwa na sahani za fedha. Lakini Wamarekani walileta kitambaa cha pamba, kizito, hakijapaushwa, nasi tukakiita merikani. Kitambaa hicho kilipanda mabegani mwa wapagazi Bagamoyo, kikapita Mpwapwa, kikapita Ugogo kwa kulipa hongo kwa kila mtemi, kikafika Unyanyembe. Huku merikani ilikuwa nguo na ilikuwa fedha. Sahihi moja Maskati, na miaka michache baadaye mtu wa Unyamwezi anapima mahari kwa mikono ya kitambaa cha Massachusetts. Hayo ndiyo mambo ya nje, kama bado mtu anauliza.

Seyyid Said hakuwa mjinga. Katika mkataba wa Waingereza alihakikisha kipande cha pwani, kutoka Mtangata mpaka Kilwa, pembe za ndovu na sandarusi zinabaki mikononi mwake. Mzungu anunue Unguja, asiende kununua Mrima. Kwa nini kipande hicho? Kwa sababu ndipo njia yetu inapotokea baharini. Alikuwa anaulinda mdomo wa chupa. Chupa yenyewe, yaani bara, hakuihitaji kuitawala, mradi kila kinachotoka kipite pale forodhani kwake.

Huo ndio ufunguo wa mambo yote yaliyofuata, na nadhani ndipo walimu wangu wawili walipopotezana. Kwa Zanzibar, Tabora haikuwa jimbo, ilikuwa duka. Mtu halitawali duka lake kama anavyotawala nyumba yake. Ila likivunjwa, roho inamuuma vile vile.

Duka hilo lilifunguliwa takriban mwaka 1852 mahali palipoitwa Kaze, na majina yanayotajwa ni Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, na Musa Mzuri, Mhindi. Burton na Speke walipofika tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari kutoka pwani, Snay ndiye aliyewakaribisha na kuwapa nyumba. Mwenye nchi alikuwa Mtemi Fundikira. Waarabu walikaa kwa hisani yake. Tena waliingiliana kwa undugu: babaye Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimuoa Karunde, binti Fundikira. Kwa hiyo usije ukadhani palikuwa na liwali aliyeteremka na bunduki akapachika bendera. Palikuwa na wakwe.

Fundikira akafa. Akatawala Mnywa Sele, kijana mwenye akili za kijana: akasema Waarabu nao walipe kodi kama msafiri mwingine yeyote. Mimi sioni alichokosea. Nchi yake, njia yake. Waarabu wakamfukuza mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa, aliyekubali kukaa nao kwa masharti yao. Mnywa Sele akaishi porini akiviziavizia misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Snay bin Amir alikuwa ameshauawa katika vita hivyo hivyo. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: uamuzi wa kumtoa mtemi na kuweka mwingine ulifanywa Tabora, na watu wa Tabora wenye majina ya Kiarabu. Halafu Sultani kule baharini akakuta sera yake ya bara imeshaamuliwa na wateja wake.

Na wateja wenyewe hawakuwa watiifu. Wengi walikuwa Maharthi, na Maharthi ndio waliosimama na Barghash mwaka 1859 alipotaka kumpindua kaka yake Majid. Uasi ule ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay uhamishoni. Majid akabaki na kiti, na mwaka 1861 Waingereza wakakata shauri kwamba Zanzibar na Oman ziachane, na Zanzibar iwe inailipa Oman reale 40,000 kila mwaka. Nchi mpya inazaliwa ikiwa na deni. Hapo utaelewa kwa nini forodha ilikuwa roho ya serikali, na kwa nini pembe za Unyamwezi zilikuwa roho ya forodha.

Barghash akarithi kiti Oktoba 1870. Mwaka haujaisha, Tabora ikalipuka.

Jina la Mirambo mnalijua, barabara na shule zinaitwa kwa jina lake. Mtemi wa Uyowa aliyeunganisha vitemi vya jirani kwa ruga-ruga wake, akajenga Urambo, akakaa katikati ya njia ya Ujiji. Mwaka 1871 ugomvi wake na Waarabu wa Tabora ukawa vita. Stanley alikuwa ameingia Juni, akimtafuta Livingstone, naye akajitia kwenye vita visivyomhusu. Waarabu na watu wao wakaenda kumpiga Mirambo, wakashinda vijiji viwili vitatu, wakarudi na mateka na meno ya ndovu wakiwa wamelewa ushindi, na Mirambo akawasubiri njiani. Kijana Soud bin Said akafa pale Wilyankuru. Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akachoma nyumba, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa. Stanley akajifungia Kwihara, akapandisha bendera ya Marekani juu ya tembe. Ile tembe ya Kwihara tunayopeleka wageni leo ni ya kujengwa upya, lakini mahali ni pale. Nimesimama hapo mara kadhaa, na kila mara najiuliza watoto wa Kwihara siku ile walifikiri nini kuona bendera ya tatu au ya nne katika maisha yao mafupi.

Njia ikafungwa. Pembe zikapanda bei Unguja kwa kuadimika. Hapo ndipo Barghash alipotakiwa kuamua: Tabora ni yake au si yake? Akatuma askari, wengi wao Mabulushi. Wakatembea mpaka Unyanyembe, wakala, wakagombana na wenyeji na kati yao wenyewe, wakarudi. Mirambo akabaki pale pale. Fedha zilizotumika zilikuwa za kisiwa ambacho mwaka 1872 kilikuwa kimepigwa na kimbunga kilichofyeka karafuu, na mwaka 1873 kilikuwa na Bartle Frere mlangoni akidai mkataba wa kufunga soko la watumwa. Barghash alikataa, akabembeleza, akajaribu kuwaegemea Wafaransa, na alipoambiwa manowari zitakizingira kisiwa, akatia saini tarehe 5 Juni 1873.

Mkataba ule ulikuwa wa haki kwa wale waliokuwa wanauzwa, sitaki mtu anielewe vibaya. Watu walipita hapa Tabora na minyororo shingoni, na hakuna shairi la kuisafisha njia hiyo. Lakini angalia namna siasa ilivyokwenda. Mwaka 1876 Barghash alitoa tangazo la kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Nani alilisimamia Tabora? Liwali wake, Said bin Salim, yule yule aliyewahi kumwongozea Burton msafara, alikuwa mzee asiyeogopwa na mtu. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870 akasukumwa na Abdallah bin Nasibu, mtu mkali, akatoka. Sultani aliahidi Unguja kitu ambacho hakuwa na mkono wa kukitimiza Unyanyembe. Nchi ndogo hujikuta hapo mara nyingi: inatia saini kwa niaba ya watu ambao haiwamudu.

Na wakati huo huo nchi ndogo haikosi maadui wa ajabu. Mwisho wa mwaka 1875, Khedive Ismail wa Misri, Mwislamu mwenzake, alipeleka manowari na askari wakashika Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Barghash. Sasa fikiria: aliyemshambulia ni ndugu katika dini, na aliyemwokoa ni Mkristo wa London, kwa barua tu na maneno makali. Wamisri wakaondoka mapema 1876. Wale wa kijiweni waliokuwa wanabishana kama OIC ni udugu au ni msaada, niliwapa kisa hicho wakanywa kahawa kimya kidogo.

Toka hapo Barghash alimwegemea John Kirk, balozi wa Uingereza, kama mtu anavyoegemea mlango bila kujua una komeo upande gani. Mwaka 1877 alikuwa tayari hata kuikodisha bara yote kwa William Mackinnon, mwenye meli wa Uskochi, kwa miaka 70, pamoja na njia ya mpaka maziwani. Tabora nayo ilikuwa kwenye furushi. Mazungumzo yakafa mwaka uliofuata kwa kuwa serikali ya London haikuyataka. Isike, aliyekuwa amemrithi Mkasiwa, hakuna aliyemuuliza.

Huku Urambo, Mirambo naye alikuwa na wizara yake ya mambo ya nje, nayo kwa maoni yangu ilikuwa na akili kuliko ya Unguja. Aprili 1876 alichanjiana damu na Stanley, mtu aliyempiga risasi miaka mitano kabla. Mwaka 1879 akamkaribisha mmisionari Southon akae mjini kwake. Akaandikiana na Kirk. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama Waingereza wanaongea na Sultani, na Sultani anawasikiliza Waarabu wa Tabora, basi mimi nitaongea na Waingereza moja kwa moja. Ilikaribia kufaulu. Ila mwaka 1880, katika vita vya Mpimbwe, watu wake waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika msafara wa Mfalme wa Ubelgiji, na Kirk akamgeuka. Kikosi cha Zanzibar chini ya Mwingereza Mathews kikapanda mpaka Mamboya, Usagara, kikaishia hapo.

Kiishie hapo kwa nini? Kwa sababu uwezo uliishia hapo. Na Mamboya haiko mbali sana na pale ambapo, Novemba 1884, Karl Peters alianza kuzunguka na karatasi zake, akiwataka machifu wa Usagara na jirani zake watie alama. Tarehe 2 Desemba mwaka huo Mirambo akafariki. Watu wawili ambao wangeweza kuzuia karatasi zile, Sultani na Mtemi, walikuwa wamemaliza miaka 13 wakizuiana wenyewe.

Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters. Barghash akapeleka simu Berlin kupinga. Nchi zile ni zetu, alidai, tangu enzi za baba zetu. Usagara kwake haikuwa milima tu, ilikuwa kipande cha kati cha njia ya Tabora. Ukiishika Usagara umelikata shingo duka. Berlin ikajibu kwa manowari, Agosti, zikatia nanga mbele ya kasri lake. Kirk, rafiki wa miaka yote, alikuwa na amri kutoka London asimsaidie, kwa kuwa Uingereza ilikuwa inamhitaji Bismarck kwenye mambo ya Misri. Barghash akakubali.

Halafu ndipo likaja swali langu la darasa la sita. Ikaundwa tume ya Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa kuchunguza mipaka ya Sultani. Mzanzibari hakuwemo. Wakapita pwani bandari kwa bandari wakiuliza: nani anatoza ushuru hapa, askari ni wa nani, bendera ni ya nani. Hawakufika Tabora. Tarehe 1 Novemba 1886 London na Berlin zikaafikiana: visiwa, na ukanda wa maili kumi. Liwali wa Tabora, bendera nyekundu za misafara, miaka 34 ya Kaze, vyote vikapigwa mkasi. Desemba Barghash akakubali hilo nalo.

Tippu Tip, aliyerudi Unguja kipindi hicho hicho, ameeleza katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili jinsi Barghash alivyomwambia kwamba bara hana haja nayo tena, maana Wazungu wanataka kumnyang'anya hata Unguja yenyewe. Mimi nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Aliyepokea maneno hayo alikuwa amelelewa na njia hii, mama wa kambo wake ni binti wa Fundikira. Miezi michache baadaye akakubali kazi ya ugavana kwa Mfalme Leopold kule Congo. Nani wa kumlaumu? Alikuwa ameshaambiwa duka limefungwa.

Barghash akafa Machi 1888. Mkataba wa Julai 1890 ukaiweka Zanzibar chini ya Uingereza, na Wajerumani wakalipa mark milioni nne kwa ajili ya ule ukanda wa pwani. Tabora haikuwa na bei, kwa kuwa kwenye karatasi haikuwa ya mtu. Mwezi uliofuata Emin Pasha akafika hapa na bendera ya Kijerumani, na Waarabu wa mji, watu wa biashara, wakapatana naye kwa maandishi. Isike hakupatana. Akawagomea mpaka Januari 1893, Tom von Prince alipolivunja boma lake, na Isike akawasha baruti akiwa ndani asichukuliwe hai.

Kijiweni nilipofika hapo, kahawa ilikuwa imeisha. Mzee wa gazeti akanitazama, akakung'uta kikombe.

"Kwa hiyo, mwanangu, Tabora ilikuwa ya Sultani au haikuwa?"

Nikamwambia, shikamoo yako iko palepale mzee wangu, lakini Isike angekushangaa.

"Basi zile alama zako," akasema, "utawadai walimu wote wawili."